Harusi ya Habaswein na Diski Iliyojaa

Mmeniomba, vijana wa ofisi, niandike mambo ya kiufundi kabla sijayasahau, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu hapa nyumbani Mwingi sina wa kumfokea ila kuku, na kuku hawana maswali. Vyeo sitavigusa. Vilikuwa vichache, na vilipokuja vilinikuta nimeshazoea kuishi bila vyeo. Nitaandika habari ya jambo moja lililonisumbua miaka yote ya kazi: kujua diski imejazwa na nini. Msicheke. Nimeona watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakiizunguka kompyuta iliyojaa kama watu wanaozunguka gari lililokwama mchangani, kila mmoja ana maoni na hakuna mwenye koleo.

Nilifika Garissa na sanduku la bati na barua iliyosema mimi ni mtaalamu wa kompyuta. Ofisi ilikuwa ya kuandikisha vizazi. Jina lake kamili nitaliacha, aliyewahi kupanga foleni pale analijua. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba kompyuta haikuwepo. Ingekuja. Kwa miezi minane nilikuwa mtaalamu wa kompyuta isiyokuwepo, na nasema bila majivuno kwamba katika kipindi hicho haikuharibika hata mara moja.

Nikapewa meza kando ya karani wa rejista, Dekha, binti wa wafugaji wa Habaswein, rika langu, mwenye sauti ya kuita ngamia walio mbali na asiyeona sababu ya kuipunguza akiwa ndani ya nyumba. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa kompyuta hakuipenda na hadi leo huigusa kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja chumvi. Kiswahili chake ni cha huko kwao: p mara nyingi huigeuza b, na ngeli huziacha zijipange zenyewe. Changu ni cha Ukambani. Lugha yenyewe sote wawili tuliiazima, labda ndiyo maana tuliitunza.

Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alikuja kuandikisha mjukuu. Nikataka kuchangamsha mazungumzo, nikamuuliza ana ngamia wangapi. Mzee akachukua fimbo yake, akatoka nje kungoja karani mwingine.

"Warya Musyoka," Dekha akaniambia, maana kwao mwanamume huitwa warya, "hapa mtu hauliza mwenzake iko na ngamia ngapi. Ukiuliza, yeye anajua wewe ni mwizi ama ni serikali."

"Mimi ni serikali," nikasema.

"Haya. Basi usirudie."

Nilidhani ni somo la adabu. Baadaye nikagundua lilikuwa somo la diski: jumla ya mali si jambo ambalo watu hulieleza kwa hiari, na aliye na haraka ya kuhesabu mara nyingi huhesabu vibaya.

Kompyuta ilipofika ilijengewa chumba, na chumba kikawekwa kiyoyozi. Ninyi mnaokipata tayari hamwezi kujua maana ya jambo hilo. Garissa, mwezi wa joto, korongo wakubwa wamesimama juu ya paa midomo wazi, na mlango mmoja tu mjini ukiufungua unapigwa na baridi ya asubuhi ya Nyeri. Wiki haikuisha nikakuta kidumu cha maziwa ya ngamia nyuma ya seva. Kisha dawa ya sukari ya mama mkwe wa mtu. Ramadhani zikaja tende. Kila kimoja kililetwa kwa neno lilelile, amana, na amana mtu haikatai. Ilikuwa ni suala la muda tu kabla watu hawajagundua kwamba hata ndani ya mashine mna nafasi. Wakaanza kuleta harusi.

Inafaa niwaeleze wageni. Harusi za kule zina sehemu ya wanawake peke yao, ambako mitandio huwekwa kando na ngoma huchezwa kwelikweli. Video yake si ya mwanamume yeyote kuiona, awe mjomba au fundi wa kompyuta. Nyumbani watoto wanachokonoa, simu zinapotea, kwa hiyo mahali salama ni wapi? Kwa Musyoka, kwenye baridi. Nikafungua folda nikaiita harusi. Sheria yake ilikuwa fupi na haikuandikwa popote: haifunguliwi na haifutwi. Kuifungua ni kukosa haya. Kuifuta ni kuzialika koo mbili ofisini, nao hawaji na keki.

Diski ikaanza kujaa, nami nikaanza kujifunza zana.

Amri ya kwanza ni df -h. Hukuonyesha diski ni kubwa kiasi gani, imejaa kiasi gani na imebaki kiasi gani. Haikuambii nani kaijaza. Ni sawa na mwenye hoteli anayekuarifu kwamba chakula kimekwisha. Mimi nilizoea kuandika df -h / pamoja na hiyo alama ya mkwaju mwishoni, kwa sababu ukiiweka hivyo unapata habari za sehemu kuu ya diski tu, mstari mmoja, na mimi sikupenda maneno mengi. Ukumbukeni huo mkwaju. Nitaurudia, na sitaurudia kwa furaha.

Ukitaka kujua aliyekula, unatumia du. Hiyo hupita folda moja baada ya nyingine ikizipima, na ukiiandika du -sh * hukupa jumla ya kila folda kwa tarakimu ambazo binadamu anazielewa. Tatizo haipangi. Nikasoma mahali kwamba nipitishe majibu kwenye sort -n, nikafanya hivyo, na mshindi akawa folda moja ya 980K. Nikaiandama siku nzima. Niliisafisha, nikaibana, nikamwandikia mwenyewe barua ya onyo. Jioni nikatambua kwamba sort -n husoma tarakimu na kuidharau herufi, kwa hiyo kilobaiti 980 zilikaa juu ya gigabaiti 40. Nilikuwa nimemkimbiza panya huku fisi akila mbuzi. Dawa yake ni sort -h, inayojua tofauti ya K na G. Barua ya onyo sikuifuta, maana mwenyewe alikuwa ameshaomba msamaha.

Na mkipima wekeni -x, la sivyo du itavuka hadi kwenye diski ya nje iliyochomekwa na kuwahesabia mifugo ya jirani. Hilo nalo nililijifunza kwa njia ngumu, lakini hadithi yake ni ya aibu kuliko ile ya panya.

Kisha nikaipata ncdu, nikadhani nimefika Makka. Hupima mara moja, ikapanga kubwa juu na ndogo chini, unateremka kwa mshale, unaingia, unatoka. Ukibonyeza d, inafuta. Inakuuliza kwanza kama una hakika, hilo ni kweli. Lakini swali unaloulizwa mara hamsini kwa siku unalijibu kabla hujalisoma.

Kulikuwa pia na msaada wa makao makuu Nairobi. Alikuwa bwana mmoja wa kwenye simu, sauti nzuri, tuliyemwita Zima-Washa. Ungemweleza ugonjwa wowote, angekusikiliza kwa heshima hadi mwisho, halafu akuambie uizime mashine kisha uiwashe. Mara nyingi ilifanya kazi, na hilo ndilo lililomfanya kuwa hatari.

Mto Tana ulipofurika ukaingia ghala letu la chini, rejista za zamani ziligeuka uji. Tulizimwaga kwa beleshi. Bahati ni kwamba Dekha alikuwa ameshazipitisha kwenye skana, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole chake kimoja, kazi ya miaka miwili ambayo hakuna mtu aliyemshukuru. Kurasa zote zilikaa katika faili moja kubwa. Programu ya kutafutia, iliyoletwa na kampuni fulani ambayo haikurudi tena, iliifungua faili hiyo kila asubuhi na kuishikilia hadi jioni. Kampuni ilimuuliza Dekha faili iitweje na iwekwe wapi. Dekha akachagua. Mimi sikuuliza. Nakala ya akiba ilikuwepo, naam, ndani ya faili hiyohiyo, kwenye diski hiyohiyo. Msiniandikie barua, najua.

Sasa niwape siku yenyewe.

Kamati ya uhakiki ilikuwa imekuja, ile inayokaa mara chache na kuamua nani apewe kitambulisho. Ilikaa kwenye ukumbi ng'ambo ya ua wetu, wazee kadhaa na maofisa, na ingeondoka baada ya sala ya alasiri. Ikishaondoka, kurudi kwake ni kudra ya Mungu. Tangu alfajiri ua ulikuwa umejaa watu, na kila mmoja alihitaji karatasi kutoka kwetu.

Katika hao alikuwepo msichana kutoka Sangailu, Fardosa, na mama yake Shukri. Fardosa alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na chuo hakimpokei mtu asiye na kitambulisho. Alipokwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyake zilitokea kwenye orodha ya wakimbizi. Akaambiwa yeye si Mkenya. Kilichoweza kumwokoa ni kimoja, ukurasa wa rejista ya vizazi ya Sangailu wenye jina lake, uchapwe na kupigwa muhuri. Na siku yenyewe ilikuwa ileile.

Saa tatu asubuhi printa ikagoma. Nikaandika df -h / nikajibiwa asilimia mia. Diski ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na printa huhitaji nafasi kidogo ya kupangia kazi zake kabla ya kuchapa. Nikaingia ncdu. Juu kabisa ilikaa folda ya harusi, na ndani yake faili moja iliyozipita zote: harusi_habaswein_2. Nikafikiri, hii ni harusi gani inayowashinda masultani? Ningeweza kuifungua nione. Sikuifungua, kwa sababu ya adabu. Mtu wa bara niliyejifunza mila za watu, nikajivunia heshima yangu, kisha kwa heshima hiyohiyo nikabonyeza d. Nilijiambia kwamba koo mbili nitazikabili kesho.

Nikaangalia tena. df -h / ikasema asilimia mia.

Nikapima kwa du. Yenyewe ikasema nafasi ipo tele, ile faili haimo tena. Zana mbili, diski moja, majibu mawili, na kila moja inaapa. Nikampigia Zima-Washa. Akanisikiliza vizuri. "Izime, kaka, halafu uiwashe," akasema. "Nafasi itarudi yenyewe."

Na alikuwa sahihi. Ingerudi. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe Dekha alipoingia bila kubisha.

"Musyoka, ukurasa ya Fardosa naiona kwa kombyuta, lakini karatasi haitoki. Umefanya nini?"

"Natafuta nafasi. Nimefuta harusi moja tu. Ya Habaswein, namba mbili."

Sauti yake, ile ya ngamia, ikapotea. Sikuwahi kuisikia ikiwa chini hivyo. "Hiyo si arusi," akasema.

"Ni nini?"

"Ni rejista. Rejista yote. Garissa, Balambala, Ijara, yote."

"Kwa nini uliiita harusi, Dekha?"

"Kwa sababu nani anafuta arusi ya watu?" Sauti ikarudi yote kwa mara moja. "Mtu gani? Mwanaume gani anafungua aangalie? Hii ofisi kila mwaka inaleta mkubwa mbya, na kila mkubwa anasafisha. Vitu ya serikali wanatuba. Arusi wanaogoba! Nikaweka mahali hakuna mtu hagusa. Wallahi hakuna mtu hapa kwetu angegusa."

Nikaketi chini kwenye sakafu ile ya baridi. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa. Kurasa za miaka yote, kidole kimoja, miaka miwili. Hesabu ya watu wote walioko uani, kwa mkono wangu, katika sekunde moja.

"Nisamehe," nikasema. "Imekufa."

"Imekufa namna gani? Si nimekuambia naiona?"

Tukaenda kwenye meza yake. Ukurasa ulikuwepo. Sangailu, mwandiko wa chifu wa zamani, Fardosa, jina la baba, jina la mama. Dekha akagonga kidole, ukurasa mwingine ukaja, na mwingine. Fardosa, aliyekuwa dirishani, akatoa simu yake apige picha ya skrini. Dekha akamwambia picha ya simu kamati haitaki, inataka karatasi yenye muhuri.

Nikaanza kueleza kwamba ningeweza kufuta kitu kingine kidogo ili angalau ukurasa huo mmoja utoke. Dekha akaushika mkono wangu. "Mkono yako leo iko na njaa," akasema. "Wacha. Na hao wengine nje je? Bole bole. Sikiliza. Wewe umehesabu ngamia kwa boma. Moja hakuna. Unasema imekufa. Lakini mimi naona maziwa. Maziwa ikiwa iko, ngamia iko. Kuna mtu anakamua. Tafuta nani anakamua."

Kwao, mwenye ngamia wengi humwazima ndugu aliyefilisika na ukame ngamia mmoja mwenye maziwa. Ngamia huyo hayumo bomani kwa mwenyewe, ukihesabu humpati. Lakini yupo, anakula majani, na watoto wa ndugu wanakunywa. Siku huyo ndugu akimwachilia, ndipo anapotoka kwake. Dekha alikuwa amelelewa katika hesabu hizo, na hakuona ajabu yoyote kwamba diski nayo inazijua.

Nami ndipo nikaelewa. Nilichofuta ni jina. Faili yenyewe haikuwa bomani tena, ndiyo maana du haikuiona, lakini programu ya kutafutia ilikuwa bado inaikamua, ndiyo maana df iliendelea kuihesabu. Mashine haifuti kitu kilicho mikononi mwa mtu. Hungoja akiachilie. Na ningeizima mashine, kama nilivyoshauriwa na Nairobi, programu ingeachilia, nafasi ingerudi, Zima-Washa angefurahi, na rejista ya eneo zima ingekwenda na maji ya Tana kwa mara ya pili.

Ipo zana ya kuuliza nani anakamua. Inaitwa lsof, na ukiiongezea +L1 inakuorodheshea faili zisizo na jina tena lakini zimeshikwa. Nilikuwa nimeiandika daftarini miaka mingi kabla, bila maelezo, kwa kuwa sikuona faida yake. Nikaipiga. Mstari mmoja ukatoka: programu ya kutafutia, nambari zake, na mwisho jina la ile harusi likiwa limetiwa alama kwamba limefutwa. Kwa nambari hizo unaweza kuingia /proc, mahali mashine inapoweka habari za programu zilizo hai, ukaichota faili kwa cp ya kawaida kabisa. Unachohitaji ni chombo cha kuchotea.

"Niko na asilimia sifuri," nikasema. "Hakuna pa kuiweka."

Dekha akafungua droo yake, akatoa diski ya nje iliyofungwa kwenye leso. Nilijua ni nini. Harusi ya binti yake Ifrah, kamera tatu, siku tatu. Harusi za watu aliniachia mimi. Ya mwanawe aliiweka kwenye droo na kufunga ufunguo, na baada ya asubuhi ile nani angemlaumu. Ifrah aliolewa mbali, ng'ambo, na Dekha huiangalia video ile siku za Ijumaa.

"Hiyo imejaa," nikasema.

"Futa."

"Una nyingine?"

"Hakuna."

"Basi tungoje kidogo, nitafute..."

"Alasiri inangoja wewe?" Alichomeka diski mwenyewe. "Arusi ya watu mimi siwezi kufuta. Hii ni yangu." Nikamfungulia, akabonyeza kwa kidole chake kimoja, na safari hiyo aliisoma ile ya "una hakika" hadi mwisho.

Kuchota kulichukua saa moja na nusu. Sikuthubutu kugusa kitu. Nilitoka nikaketi barazani na wale mama na mtoto, maana mtu aliyekosa hana chumba. Shukri alikuwa akiongea peke yake, kisha akawa anaongea nami.

"Mimi ndiyo niliharibu," akasema. "Ile ukame kubwa, ng'ombe imekwisha yote. Nikambeba huyu mgongoni mpaka kambi. Nikasema sisi ni wakimbizi, apate unga. Wakamwekea kidole kwa mashine. Alikuwa mdogo, anacheka. Mimi ndiyo nilishika kidole yake."

"Hooyo," Fardosa akamwambia mama yake, "kama hungenipeleka, leo hii kitambulisho kingekuwa cha nani?"

Shukri akajifunika uso na mtandio. Nami, niliyekuwa na kidole changu cha kufikiria, nilitazama sakafu.

Kuchota kulipokwisha, nilizifungua kurasa kumi tofauti kutoka kwenye nakala kabla ya kuamini. Ndipo nikaifunga programu ya kutafutia. Papo hapo df ikashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Printa ikakohoa. Ukurasa wa Sangailu ukatoka wa kwanza, Dekha akaugonga muhuri kwa nguvu iliyotikisa meza, na wote watatu wakavuka ua karibu mbio. Mimi nilibaki nikiwachapia wengine. Kabla ya adhana Dekha alirudi, akaketi, akaomba chai.

"Wamekubali," akasema. "Mzee mmoja anajua huyo chifu. Amejua mwandiko."

Kitambulisho chenyewe kilichukua muda wake, kwa vile haraka yote ilikuwa yetu, si yake. Lakini kilikuja.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikiandika ripoti kwa makao makuu, nikataka kunakili hali ya diski. Nikaandika df -h, nikasahau mkwaju. Ikanipa mistari minne.

Wa nne ulikuwa sehemu inayoitwa /home. Niliigawa mimi mwenyewe siku ya kwanza ya seva, kwa agizo la makao makuu, kwa ajili ya watumishi ambao hawakuwahi kuletwa. Haikuwa na kitu ndani yake. Ilikuwa na nafasi ya kuweka rejista nzima mara mbili. Ilikuwepo asubuhi ile, na mchana ule, na wakati Dekha anafungua leso.

Nikaiazima ile diski ya nje, nikamwambia nataka kuhakikisha nakala. Nilijaribu kila zana ya kufufua niliyoijua na nyingine nilizozitafuta. Rejista ilikuwa imekaa juu ya harusi ya Ifrah, haikuacha hata picha moja. Nikamrudishia. Sikumwambia kitu.

Badala yake niliweka sheria, kama afanyavyo kila mkubwa mwenye hatia. Harusi zote zilirudishwa kwa wenyewe, kila mmoja na diski yake. Rejista ikapewa folda yake iitwayo vizazi, ikafungwa isiandikwe wala kufutwa, na nakala zake zikakaa mahali patatu, moja nje ya mji. Niliwahubiria ninyi vijana hadi mkachoka: kila kitu kiitwe jina lake, na folda ya vizazi ni takatifu, asiiguse mtu. Mliitikia.

Wiki yangu ya mwisho nilipita kila kitu kwa ncdu, kuaga. Ndani ya vizazi nikakuta faili nisiyoijua: vizazi_sangailu_nyongeza. Ilikuwa kubwa mno kwa kijiji cha ukubwa ule, hata kama wangejaliwa mapacha watupu. Vizazi si haramu kufungua. Nikaifungua. Ngoma, vigelegele, mitandio imewekwa kando, na juu ya sauti zote sauti moja ya kuita ngamia, ikiimba. Nikafunga haraka, nikatoka.

"Dekha, kwenye vizazi kuna harusi."

Hakuinua kichwa. "Ya Fardosa. Aliolewa Balambala, anafanya kazi huko kwa hosbitali. Ameniletea, ameniambia, eeddo, shangazi, wewe ya kwako hauna, chukua yangu." Kisha akainua kichwa. "Wewe umefungua?"

"Sekunde mbili. Nilifumba macho."

"Macho umefumba. Na masikio?"

"Unaimba vizuri."

"Astaghfirullah," akasema, lakini alicheka. "Kwa arusi unafuta. Kwa vizazi umesema mtu asiguse. Nikaweka mahali hakuna mtu hagusa."

Nilifungua mdomo nimwambie habari ya mstari wa nne. Miaka yote hiyo, na maneno yalikuwa tayari. Adhana ikatoka msikitini, akachukua mkeka wake akaenda, nami nikaliita hilo bahati. Halikuwa bahati. Nilikuwa mwoga.

Kwa hiyo nakuambia hapa, Dekha, maana najua vijana watakusomea. Siku ile nafasi ilikuwepo. Sikuiona kwa sababu nilizoea kuuliza mstari mmoja. Harusi ya Ifrah haikuwa na haja ya kufutwa, na niliikatia tamaa mimi, ukaifuta wewe. Nisamehe ukiweza.

Ya Fardosa sikuigusa. Niliitolea nakala ya pili kabla sijakabidhi funguo, nikaiweka /home, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuangalia.